Mjukuu wangu mcheza ballet alisema amefunga, nasi tukaitikia Amina

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi na akili timamu, akanipa na bando ya kuingia humu. Jina lake litukuzwe kabla sijaandika neno jingine.

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamoo. Nanyi vijana, pokeeni salamu za nyanya yenu kutoka Lodwar. Kwetu tunasema ejok.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi mmoja wenu alianzisha uzi, akasema kujinyima chakula ili uwe mwembamba ni ugonjwa wa matajiri, na kwamba Mwafrika aliyelelewa kwa ugali hawezi kuupata. Wengi mlicheka.

Mimi sikucheka. Nimeuona ugonjwa huo nyumbani kwangu, mtaa wa Kanamkemer hapa Lodwar, kwa mtoto niliyemlea kwa mikono hii. Nitaeleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi. Mwenyewe ameniruhusu, ila jina nimembadilishia. Nitamwita Akai.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nilisoma chuo cha Biblia nikiwa tayari mama wa watoto, na tangu hapo huduma yangu ni maombi na mfungo. Kanisa likiingia kwenye mfungo, mimi ndiye ninayeutangaza, na siku ya mwisho mimi ndiye ninayeuhitimisha kwa sala na kumpa kila mmoja kikombe cha uji.

Tena, katika ukame mmoja mbaya, nikiwa bado na nguvu, nilijitolea kule Kakuma kwenye kituo cha kulisha watoto waliodhoofika.

Yashikeni hayo mawili, mfungo na kituo cha kulisha. Nitayarudia.

Akai ni mtoto wa binti yangu, ambaye ana duka Kakuma. Tangu akiwa mdogo alikuwa wa kuruka tu. Kwenye edonga, ile ngoma yetu ya kuruka juu, wazee walikuwa wanaacha mazungumzo yao wamtazame. Baadaye akaja mwalimu mmoja wa kujitolea Kakuma, akawa anafundisha watoto ballet kwenye ukumbi wa kanisa. Watoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wenye miguu mirefu kama ya korongo, na wetu wa Turkana, wote pamoja kwenye sakafu ya simenti.

Kutoka pale Akai akapata ufadhili wa Nairobi. Kutoka Nairobi akaajiriwa na kampuni moja ya ballet huko nje. Jina la kampuni nalihifadhi. Ndiyo wakuu, kuna watu wanalipwa mshahara kwa kucheza, na ni kazi ngumu kuliko nyingi ninazozijua.

Kwa ambao hamjaona: mtu anasimama juu ya ncha za vidole vya miguu, anaruka kana kwamba hana uzito, na uso wake umetulia kana kwamba haumii. Anaumia.

Mwaka jana akarudi nyumbani kupumzika. Mfupa wa mguu ulikuwa umepata ufa. Kampuni ilimpa likizo apone, kisha arudi kuchaguliwa kwa nafasi kubwa ya msimu. Nafasi hiyo alikuwa ameitafuta tangu alipoingia pale. Ndiyo iliyokuwa ikimwita.

Nilimpokea uwanja wa ndege wa hapa Lodwar. Nilipomkumbatia, mikono yangu ilikuta mifupa.

Na alikuwa amevaa sweta.

Anayeijua Lodwar ananielewa. Hapa ukiacha ndoo ya chuma juani, mchana huwezi kuishika. Mtoto alikuwa na sweta nzito, amefunga vifungo vyote.

Majirani wakaja kumsalimu, kila mmoja na lake. Vijana wakamsifu eti amekuwa model. Mzee mmoja jirani akamzunguka mara moja, akauliza kwa sauti, "Kwani huko ng'ambo pia mvua ilikataa?" Watu wakacheka. Akai naye akacheka.

Mwanangu Lokwawi, mjomba wake Akai, alikuja na mbuzi kutoka Nakalale kwa ajili yake. Kwetu mgeni akirudi kutoka mbali, mbuzi haulizwi. Lokwawi ameshika kisu, anatabasamu, Akai akamwambia kwa adabu kabisa:

"Mjomba, asante sana. Lakini nimefunga."

"Umefunga nini, mlango?"

"Nimefunga kwa maombi, mjomba."

Lokwawi akanitazama mimi. Nikasema Amina. Kwenye nyumba yangu, mtu akisema amefunga, maneno yanaisha hapo. Humuulizi anaombea nini, wala humbembelezi ale. Ndivyo nilivyowalea wote.

Mbuzi akachinjwa, tukala sisi.

Wiki ikapita. Sifa zikafika kanisani. Mwenyekiti wa akina mama wa maombi, Mama Esther, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, akawa anamtolea mfano kila mahali. "Mtoto imetoka ng'ambo na bado inafunga! Hawa wetu ukiambia wafunge asubuhi peke yake, saa nne kichwa inauma!" Akamwomba Akai aongoze maombi ya mfungo ya Ijumaa. Akai akakubali.

Sasa wakuu, hapa nisimame kidogo. Mimi nimeishi na watu wanaofunga. Nawajua. Anayefunga kwa kweli huwa anakaa mbali na jiko, na mazungumzo ya chakula anayakwepa.

Akai alikuwa haondoki jikoni. Alitupikia chapati, alitupikia samaki wa ziwani kwa nazi ya kopo, alisimama akitutazama tukila, na tukibakiza alisikitika. Nyama alikuwa anakatia watoto vipande vidogo vidogo, halafu ananawa mikono, ananawa tena.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika nguzo ya boma, anafanya mazoezi kwa mguu uleule uliopasuka. Jasho halitoki. Mkononi mwake nikaona vinyweleo laini vimeota, kama vya mtoto mchanga.

Nilianza kuomba kwa namna nyingine.

Ijumaa ikafika. Akai akasimama mbele ya akina mama, akafungua maombi vizuri sana. Katikati ya sala sauti ikapungua, magoti yakakunjika, akaanguka.

Mnajua kilichofuata? Haleluya. Shangwe. Mama Esther akapaza sauti, "Ameguswa! Roho amemshukia!" Wakamfunika kwa leso, wakaanza wimbo, wakamwacha alale pale kwa heshima. Ndivyo tunavyofanya. Mtu akianguka kwenye maombi, hatumwinui. Tunangoja Bwana amalize naye.

Nikapita katikati yao. Nikapiga magoti, nikamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa baridi, na mshipa unapiga kwa uvivu.

"Mama Esther, simamisha wimbo."

"Mama, usiingilie kazi ya Roho."

"Huyu hajaguswa. Huyu ameishiwa. Nitafutieni gari."

Hawakuzoea kunisikia nikisema hivyo. Wimbo ukakatika.

Hospitalini wakapima malaria, wakapima TB, wakapima mimba. Hakuna. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno na damu ilikuwa imepungua. Daktari, kijana mpole, akamuuliza mara ya mwisho kula ni lini. Akajibu alikuwa kwenye mfungo wa kanisa.

Daktari akanigeukia. "Mama, huko kwenu mnafunga mfungo gani huu?"

Nikamwambia ukweli. "Kanisa halijatangaza mfungo wowote, isipokuwa wa leo asubuhi."

Akai akageukia ukutani.

Wakamtundikia maji na kumlaza siku chache. Daktari akaniambia wazi kwamba akirudi kazini vile alivyo, mguu hautapona, na moyo unaweza kusimama akiwa jukwaani au akiwa usingizini. Lakini Akai alikuwa na tiketi ya ndege tayari. Ni mtu mzima, tusingeweza kumfunga kamba.

Siku tuliyorudi nyumbani nilikaa naye kivulini. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu ninayowauliza wote wanaotaka kufunga.

"Mjukuu wangu, mfungo wako ulianza lini?"

Akachora mchangani kwa kidole.

"Nani aliutangaza?"

Akafuta alichochora.

"Utaisha lini? Maana mfungo una siku ya kula. Hata Bwana wetu alipomaliza kufunga alihudumiwa. Nipe siku, nikupikie uji."

Akasema, "Ata, hauna siku." Ata ndiyo nyanya kwa Kiturkana. Akasema tena, "Hauna siku. Nimeitafuta." Hapo ndipo alipolia.

Akanieleza yote. Kazini kwao wanashinda mbele ya vioo tangu asubuhi, wamevaa mavazi ya kubana yasiyoficha kitu. Mwalimu wao aliwahi kumshika kiunoni akasema mstari wa mwili ungependeza zaidi tukitoa kidogo hapa. Akatoa kidogo. Akasifiwa. Akatoa tena. Akapewa nafasi ya mbele. Wenzake wanakunywa kahawa badala ya chakula cha mchana na hakuna anayeshangaa. Wengine wanakula halafu wanakwenda chooni kutapika. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekatika kwa zaidi ya mwaka. Alipouliza, mwenzake akamwambia ni kawaida, shukuru umepunguziwa usumbufu.

Wanawake mnaosoma hapa, si kawaida. Daktari alitueleza kwamba mwili ukikosa chakula unazima kwanza kile unachoona si cha lazima leo, na mifupa inaanza kulegea kama ya ajuza. Ule ufa wa mguu haukutokana na kuruka peke yake. Ulitokana na njaa.

"Mwanzoni nilikuwa naruka juu zaidi, Ata," aliniambia. "Halafu nikawa siwezi hata kupanda ngazi. Lakini nikila, nasikia kama nimemwibia mtu."

Mimi njaa naijua. Nimeona njaa ya ukame ikichukua mifugo, kisha ikaingia ndani ya nyumba. Ile, ukileta chakula, mtu ananyoosha mkono. Hii ya mjukuu wangu ilikuwa imekaa katikati ya chakula, na mkono haunyooki. Siyo jeuri, siyo maringo ya ng'ambo. Ni ugonjwa, na unashika zaidi wale ambao kazi yao ni kutazamwa mwili.

Lokwawi aliposikia, alitaka kuumaliza siku hiyohiyo. "Mama, hii ni maneno mingi. Tuchinje nyingine, tumpe mafuta na maziwa, nikae hapa mbele yake mpaka amalize." Alisema kwa upendo. Kila mtu wa huku angesema hivyo.

Nikamkatalia. Kile kituo cha Kakuma kilinifundisha jambo hilo kwa uchungu: aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia chakula kingi ghafla, mwili unaweza kushindwa na akafa chakula kikiwa tumboni. Anarudishwa polepole, chini ya macho ya wanaojua.

Kwa hiyo nikampeleka Kakuma kwa mama yake. Pale kuna afisa wa lishe ninayemfahamu tangu akiwa kijana, Ewoi. Kazi yake kila siku ni kupima. Ana mizani, ana zile tepe za rangi za kupimia mikono ya watoto. Akai alipoingia na kuona mizani, akavua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akavua sweta, akatoa hata hereni. Alizoea.

Ewoi akamtazama, akasema, "Vaa sweta yako, dada. Hereni pia."

Akamgeuza, akampandisha kwenye mizani akiwa ameipa mgongo. Akasoma, akaandika.

"Ni ngapi?" Akai akauliza.

"Hiyo namba ni ya kazi yangu. Yako ni kula. Wewe umepimwa vya kutosha."

Akai akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chake cha zamani.

Ewoi hakujifanya anajua kila kitu. Alisema hii si njaa ya kawaida, akamuunganisha na daktari wa akili Nairobi ambaye wanaongea kwa simu ya video, na mshauri nasaha wa hapo Kakuma, na yeye mwenyewe akapanga chakula: kidogo, mara nyingi, kikiongezeka taratibu. Sisi wa nyumbani alitupa kazi ngumu kuliko zote. Tusimtazame akila. Tusimsifu akimaliza. Na kuhusu mwili wake, tusiseme neno, baya wala zuri.

Wakuu, hebu fikirieni. Sisi salamu yetu ni umekonda, umenona!

Jambo moja liliombwa kwangu. Kwa sababu Akai alisema mbele ya watu kwamba amefunga, alitaka mfungo huo uishe mbele ya watu. Aliliomba mwenyewe. Kwenye utaratibu wetu, mimi ndiye mwenye kauli hiyo.

Nikamuuliza daktari na Ewoi, wakakubali, ila iwe watu wachache. Nikawaita Mama Esther na akina mama wawili waliokuwepo siku ile. Akai akaja kutoka Kakuma, tukaketi kwenye mkeka nyumbani kwangu. Nikasema, "Mfungo huu hakuutangaza Mungu, wala halikuutangaza kanisa. Kwa hiyo kwa jina lake nauhitimisha. Hakuna deni lililobaki." Nikammiminia kila mmoja kikombe cha uji, pamoja na Akai, kiasi kilekile alichoandikiwa.

Kisha tukafanya kazi yetu ya kutomtazama. Ilikuwa ngumu! Tukaanza kuzungumza mambo ya sufuria ya kanisa, ile kubwa, aliyeiazima ni nani na mbona imerudi bila mfuniko. Mama Esther akatetea upande wake kwa nguvu zote. Uji wa Akai ukapoa, ukaganda juu. Sufuria ikajadiliwa mpaka ikachoka.

Kikombe kikawekwa chini, kitupu.

Mama Esther akavuta pumzi, akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akasema, "Kwa hiyo huo mfuniko mnanunua ama hamnunui?"

Baadaye alinifuata nje akilia, akaniambia, "Mama, sisi tuliimba juu ya mtoto anakufa." Nikamwambia sote tulisema Amina, na Mungu aliyetusikia ndiye aliyetuonyesha. Tangu siku hiyo, kwetu mtu akianguka kwenye maombi, tunampima mapigo ya moyo kwanza. Roho hachukizwi na hilo.

Haikuisha kwa kikombe kimoja, nisiwadanganye. Kuna siku alificha chakula. Kuna siku alinichukia na akaniambia. Nilikuwa na subira, maana nililea watoto wengi na kila mmoja alinichukia siku yake.

Kampuni ikapiga simu kuuliza anarudi lini. Nilikuwa nimekaa kando. Akawaambia ni mgonjwa, akautaja ugonjwa wenyewe kwa jina lake, akasema atarudi daktari akimruhusu, na akirudi hatapimwa wala kuguswa kiuno. Nafasi ile kubwa akapewa mwingine. Usiku ule alilala mapema. Kesho yake akala.

Sasa hivi yuko Kakuma. Bado anaongea na daktari wake kila wiki. Anafundisha watoto ballet kwenye ukumbi uleule wa simenti, na kwenye darasa lake hakuna kioo. Mtoto akitaka kujua kama ameruka vizuri, anamuuliza mwenzake. Kabla ya somo wanakula, naye anakula nao. Kuhusu kurudi jukwaani, anasema atarudi, na mimi naamini, maana ufa wa mfupa umeziba.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba njaa inaweza kuvaa nguo nzuri. Inaweza kuvaa sanaa, ikaitwa nidhamu. Kwetu ilivaa dini ikaitwa mfungo, na ndiyo maana tulichelewa kuiona. Kama una mtoto anayecheza, awe wa ballet, wa mbio au wa urembo, usimsifu kwa kupungua. Akianza kusikia baridi wakati wengine wanatokwa jasho, akipika asile, akiwa na siri kuhusu chakula, usimkaripie na usimshindilie. Mpeleke hospitali mapema, na kaa naye.

Na viongozi wenzangu wa dini, mtu akikwambia amefunga, muulize atafungua lini.

Kuna jambo moja la juzi ndilo lililonifanya niandike. Nilikwenda Kakuma kumtembelea. Jua la saa saba, upepo wa vumbi, watoto wamemaliza mazoezi. Akai akatoka ukumbini anajipepea kwa daftari la mtoto, uso unang'aa kwa jasho, sweta hana.

"Ata," akalalamika, "hii joto itatuua!"

Nimeishi Turkana maisha yangu yote na sijawahi kumshukuru Mungu kwa sababu ya joto. Siku hiyo nilimshukuru.

Karibuni mchangie. Aliyepitia haya au ambaye mtu wake anayapitia aseme bila aibu, na wenye ujuzi wa tiba mnirekebishe nilipokosea. Wenye kejeli pia karibuni, nina subira.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki mezani pako. Akupe chakula, akupe hamu ya kukila, na akupe wa kula naye. Amina.